Tiba ya hipnosisi: mimi ilinifaa, mume wangu haikumfaa, mdogo wangu alikataliwa

Tangu niseme wazi kwamba tumbo langu limetulizwa na tiba ya hipnosisi, yaani kuongozwa kwa maneno hadi mwili ulegee na akili izame kwenye jambo moja, watu hawaniulizi inatibu nini. Wanauliza, "Na mimi je, nitaweza?" Kuna wanaouliza kwa woga, kana kwamba kuweza ni dalili ya kichwa chepesi. Kuna wanaojigamba kabla sijafungua mdomo: "Mimi? Mimi hanilazi mtu." Halafu wapo wa tatu, na hawa ndio hunikosesha raha, waliochoka na dawa za hospitali na sasa wanatafuta mlango wowote wa kuzikimbia.

Katika familia yetu tiba hii imebishiwa hodi na watu kadhaa. Mimi ilinifaa. Mume wangu, ambaye ukimtazama ungesema ndiye hasa aliyeumbiwa mambo haya, haikumfaa. Mdogo wangu wa kiume daktari wake alimkatalia katakata. Wifi yangu imempunguzia shida ambayo alikuwa ameshaamua kuishi nayo. Kwa hiyo nikiulizwa "inafaa au haifai" nashindwa kutoa jibu la neno moja, na mimi ni mhasibu, majibu ya neno moja ndiyo ninayoyapenda.

Kwanza tuyaweke kando mambo ya hipnosisi ya maonyesho jukwaani. Yule bingwa anayewafanya watu wazima wawike mbele ya umati hana nguvu za ajabu. Ana jicho la kuchagua. Huanza na ukumbi mzima: fumbateni vidole, vidole vimenata, haya jaribuni kuviachanisha. Wale ambao vidole vimewagomea kweli ndio anaowaita mbele, tena kati yao huchukua waliokuja wanacheka, wanaotamani kuonekana. Wakishapanda jukwaani, nusu ya kazi imekwisha. Aliyekaa nyuma amekunja mikono kifuani haitwi kamwe, na akirudi nyumbani anasimulia jinsi mtu yule alivyo na uwezo wa kutisha.

Kliniki ni habari nyingine. Hulali. Mimi nilikuwa nasikia kila kitu: msafishaji akiburuta ndoo nje ya mlango, simu ya mapokezi ikiita na kukatika. Tofauti ni kwamba havikunihusu. Siku moja nilipaliwa katikati ya kikao. Nikakohoa, nikafungua macho, nikanywa maji, nikajiegemeza tena tukaendelea tulipoishia. Hakuna aliyenishika akili. Wanaoniuliza kama mtaalamu anaweza kuwatoa siri zao au namba ya siri ya benki nawajibu kwamba mtu aliye ndani ya hipnosisi anaweza kukataa, anaweza kudanganya, na anaweza kuinuka akaondoka zake.

Tumbo langu sasa. Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita IBS. Tumbo linasokota, linajaa gesi hadi nguo inabana, choo leo kigumu kesho cha kuharisha, na vipimo vyote vinarudi safi. Hilo la vipimo kurudi safi ndilo linaloumiza zaidi, maana watu wanaanza kukutazama kama mtu anayejitafutia ugonjwa. Nilipimwa damu, nikapimwa choo, nikapitishwa kamera. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu hakuna mtaalamu wa maana wa hipnosisi atakayeligusa tumbo ambalo halijachunguzwa. Ukiona damu kwenye choo, au unapungua uzito bila sababu, au maumivu yanakuamsha usiku, hujafika kwenye hipnosisi bado. Uko kwa daktari. Maumivu ni taarifa, na ukiyanyamazisha kabla hujaisoma unaweza kulipia baadaye.

Kilichonishawishi mimi ni namba. Mwaka 1984 daktari Peter Whorwell na wenzake, huko Manchester, Uingereza, walichukua wagonjwa 30 wa IBS sugu, waliokwisha shindikana kwa dawa. Nusu wakapewa hipnosisi iliyoelekezwa kwenye utumbo, nusu wakapewa mazungumzo ya kisaikolojia pamoja na vidonge visivyo na dawa ndani. Kundi la hipnosisi lilipata nafuu kubwa mno kulipita lile jingine. Thelathini ni wachache, najua. Mhasibu haangalii risiti moja akafunga hesabu ya mwaka. Lakini utafiti haukuishia pale. Mwaka 2019 Waholanzi walichapisha wa kwao wenye wagonjwa 354. Baada ya miezi 3, waliopata nafuu ya kuridhisha walikuwa kama 4 kati ya 10 kwa waliohudumiwa mmoja mmoja, theluthi moja kwa waliohudumiwa kwa vikundi, na asilimia 17 hivi kwa waliopewa elimu na ushauri tu. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2008 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, unawaambia madaktari waifikirie hipnosisi, pamoja na tiba nyingine za kisaikolojia, kwa mgonjwa wa IBS ambaye dawa hazijamsaidia kwa miezi 12.

Zisome namba hizo za Waholanzi tena. Wanne kati ya kumi. Maana yake sita hawakufika hapo. Mtu akikuambia tiba hii humfaa kila mwenye tumbo, hajaisoma, au anaiuza.

Kikao chenyewe hakina mbwembwe. Kiti cha kuegemea, taa imepunguzwa kidogo. Mtaalamu wangu alikuwa mwanamama mwenye sauti ya kawaida tu, wala si ile ya kunong'ona niliyoitarajia. Alinihesabia pumzi, akanishusha mwili kipande kwa kipande, kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu. Kisha akaniambia niweke kiganja juu ya tumbo, nisikilize joto lake likipenya ndani. Nikaweka. Mwanzoni ni mkono juu ya blauzi, basi. Baada ya muda joto lilikuwa limeshuka chini ya ngozi, na nilivyouondoa mkono lilibaki palepale. Halafu akanipeleka mtoni: utumbo wako ni mto, unautaka uende kwa mwendo gani? Mto wangu wa kwanza ulikuwa wa mafuriko, maji ya tope, magogo yanagongana. Hakunikemea wala hakuniambia niubadilishe. Aliniuliza tu magogo yanatoka wapi, na kama kuna mahali mto unapanuka. Ulipopanuka, maji yakapungua kasi, na tumbo, nakuapia, likalia mlio mrefu kama bomba lililozibuka. Tukacheka wote wawili, na hipnosisi ikaisha kwa siku hiyo.

Baada ya hapo kazi ilikuwa yangu. Nilipewa sauti iliyorekodiwa niisikilize kila siku nyumbani, na nadhani hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Wanasubiri kufanyiwa. Hipnosisi ya tumbo ni mazoezi. Anayekwenda kwenye vikao bila kufanya chochote katikati anajipotezea muda. Maumivu yangu hayakufutika. Yalipungua hadi yakaacha kunipangia siku. Naweza kukaa kikao cha bajeti tangu mwanzo hadi mwisho bila kwanza kuchunguza choo kiko upande gani wa jengo. Kwangu hilo ni jambo kubwa.

Sasa lile swali la nani anaweza. Limepimwa, tena zamani. Mwaka 1959 André Weitzenhoffer na Ernest Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa kipimo chenye majaribio 12. Nyoosha mkono, unakuwa mzito. Fumbata vidole, havifunguki. Kuna inzi anakuzunguka kichwani, mfukuze. Kila jaribio linalofanikiwa ni alama moja. Walichokigundua ni kwamba watu wengi wako katikati, wachache wako juu sana, na wachache wako chini kabisa, hawaguswi. Na hali hii haibadiliki ovyo: waliopimwa wakiwa wanafunzi wa chuo walipimwa tena baada ya miaka 25, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba alama zao hazikuwa zimehama sana.

Mimi nilipewa toleo fupi la majaribio ya namna hiyo. Mkono ulishuka. Vidole vilinata kiasi kwamba nilipata hofu kidogo. Inzi sikumwona, sikumsikia, wala sikumhisi. Yule mama akatabasamu, akaandika. Mtu wa katikati.

Wepesi huo wa kuingia hauna uhusiano wa maana na ujinga wala akili, na si udhaifu wa nia. Wanaojigamba kwamba hawalaziki wanajisifia kitu kisichokuwa sifa. Kinachoelekea kwenda nao kidogo ni tabia ya kuzama: mtu anayesoma kitabu hadi haisikii sauti inayomwita jina, anayetazama filamu akatokwa na machozi huku akijua kabisa ni waigizaji. Watoto nao wako vizuri kuliko watu wazima, hasa wale wa umri wa shule ya msingi, na ukimtazama mtoto anayeendesha gari la boksi utaelewa kwa nini. Uholanzi walijaribu hipnosisi kwa watoto 53 wenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu, umri wa miaka 8 hadi 18, wakachapisha mwaka 2007. Walipowafuatilia takriban miaka 5 baadaye, asilimia 68 ya waliopata hipnosisi walikuwa bado wamepona, dhidi ya asilimia 20 ya waliopata huduma ya kawaida. Kama una mtoto wa namna hiyo na daktari ameshamchunguza vizuri, ningeuliza habari hii mapema.

Wepesi huo una uzito zaidi kwenye maumivu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya majaribio 85 ya maumivu ya kimaabara, ulikuta maumivu yakipungua kwa asilimia 42 kwa watu wa juu na asilimia 29 kwa watu wa katikati. Wa chini walipata kidogo sana. Kwa hiyo mtu akija na mgongo wa miaka mingi, nadhani ni haki apimwe wepesi wake kabla hajajiandikisha kwa mfululizo mrefu wa vikao. Wataalamu wengi hawapimi. Wanasema kupima kunamvunja moyo mgonjwa. Mimi naona kinachomvunja mtu moyo ni kuhudhuria hadi mwisho halafu aambiwe hakuamini vya kutosha.

Hili la kuamini linanikera, ngoja niliseme. Mwaka 1784 mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza tiba ya Franz Anton Mesmer, daktari aliyedai kuponya kwa nguvu ya sumaku iliyomo ndani ya viumbe. Kwenye tume hiyo walikuwamo Benjamin Franklin na mwanakemia Antoine Lavoisier. Mfuasi wa Mesmer, Charles Deslon, alitia hiyo "sumaku" kwenye mti mmoja bustanini kwa Franklin, kisha kijana wa miaka 12 akapitishwa mti hadi mti amefungwa macho. Kijana alizimia kwenye mti usiokuwa wenyewe. Tume ikaandika kwamba sumaku haipo. Kilichotenda ni fikra ya mgonjwa. Walikuwa sahihi, na jina la Mesmer halikuinuka tena. Lakini mimi nikiisoma habari ile nabaki na swali lao walilolipita: kama fikra peke yake inaweza kumwangusha kijana mzima chini, ni ajabu gani ikitumiwa kwa makusudi kulegeza utumbo? Daktari wa upasuaji James Braid, wa Manchester, alilishika swali hilo miaka ya 1840, akiwa ameshaitupilia mbali sumaku. Hapo ndipo hipnosisi ya kitabibu ilipoanza. Kwa hiyo ndiyo, ni fikra. Na hapana, haitaki uiamini kama dini. Inataka ukubali kulijaribu zoezi.

Nimesema mume wangu ndiye aliyeonekana ameumbiwa. Akitazama mpira unaweza kumwondolea kikombe mkononi asijue. Alikuwa anataka kuacha sigara, akamwona mtu anayejitangaza kwamba kikao kimoja tu kinatosha, na aliponiona mimi ninavyoendelea akasema yeye ataingia kwa urahisi zaidi. Akaingia kweli. Alirudi ananisimulia alivyoambiwa moshi una harufu ya mpira unaoungua, na akaisikia harufu hiyo kabisa, mpaka kichefuchefu. Siku chache alikuwa shujaa. Kisha nikaanza kumwona anatoka nje "kupokea simu" ambazo haziiti.

Aliyemhudumia alimwambia, kwa simu, kwamba hakuwa na nia ya dhati. Nilikasirika kuliko yeye. Mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyotolewa upya mwaka 2019 na kujumlisha tafiti 14, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba hipnosisi inazidi ushauri na njia nyingine za kumsaidia mtu kuacha sigara. Si kwamba haijawahi kumsaidia mtu. Ni kwamba hakuna anayeweza kukuahidi, seuze kwa kikao kimoja. Mume wangu alikuja kuacha kwa viraka vya nikotini na mshauri aliyekuwa akimpigia kila wiki, njia zenye ushahidi mzito ambazo alizidharau mwanzoni kwa sababu hazina maajabu. Nikamwelewa: mtu anapozama kwa urahisi, anadhani kuzama ndiyo tiba. Sigara haikuwa imesikia habari hizo.

Mdogo wangu ni suala zito zaidi, na ameniruhusu niandike. Ana ugonjwa wa akili ambao ukimpanda anasikia sauti, na sauti hizo haziko upande wake. Anachomwa sindano ya dawa kila baada ya muda fulani. Inamnenepesha, inampa usingizi, na anaichukia. Aliposikia habari zangu akaja na wazo kwamba hipnosisi ishike nafasi ya sindano. Tulikwenda pamoja kwa daktari wake wa akili. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, hakumcheka, kisha akasema hapana, na akaeleza. Hipnosisi inamtaka mtu alegeze, kwa muda, ule mpaka ulio kati ya kinachotoka ndani yake na kinachotoka nje, akijua muda wote kwamba ataurudisha. Mtu ambaye ugonjwa umeshauharibu mpaka huo hana cha kulegeza. Unaweza kumwongezea kuchanganyikiwa, na maneno ya mtaalamu yakaingizwa kwenye hadithi ya ugonjwa. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, nayo inawaambia wananchi wasiitumie wenye ugonjwa wa akili wa kupoteza uhalisia na wenye aina fulani za matatizo ya haiba, yaani ya hulka ya mtu, kwa kuwa inaweza kuwazidishia.

Tulipotoka nje nilikuwa natafuta neno la kumpoza. Akanitangulia: "Dada, we acha tu. Mimi sauti ninazo za kutosha." Tukacheka hadi watu wakageuka.

Daktari hakumwacha mikono mitupu. Alimpunguzia dozi kidogo chini ya uangalizi na kumpeleka kwa muuguzi anayefundisha mazoezi ya kupumua macho yakiwa wazi, miguu imekanyaga sakafu. Hilo la macho wazi lilinigusa. Ni tiba iliyopangwa kwa ajili yake, hakurushiwa yangu.

Wapo na wengine ambao ningewaambia wasubiri, au wapitie kwanza kwa daktari anayewajua. Mwenye kifafa aseme mapema. Mwenye huzuni iliyofika mahali pa kuwaza kufa aanze kwa daktari, leo hii. Aliyepitia ukatili mkubwa asikubali kufumba macho mbele ya mtu ambaye hajasomea kutibu majeraha ya namna hiyo, kwa sababu kulegea kwa ghafla kunaweza kufungulia mambo yakaja yote kwa pamoja, na mhudumu asijue pa kuyaweka. Mzee ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka atashindwa kufuata maelezo. Na kuna jambo dogo watu hawalifikirii: lugha. Nenda kwa mtu atakayezungumza nawe kwa lugha unayoota nayo. Mimi kiganja kisingepata moto kwa lugha ya mikutano.

Kundi moja nalisemea kwa ukali. Ni wale wanaotaka hipnosisi iwafukulie kumbukumbu: kuna kitu kilitokea utotoni, nahisi, nataka kukijua. Tafadhali usiende. Kumbukumbu haikai ikingoja kufunguliwa. Kila ukiigusa unaijenga upya, na ndani ya hipnosisi unaijenga kwa matofali anayokupa anayekuuliza. Kibaya zaidi, unatoka na uhakika mkubwa kuliko ulioingia nao, iwe umekumbuka kweli au umebuni. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa Marekani, AMA, kilitoa ripoti kwamba kumbukumbu zinazopatikana kwa hipnosisi si za kutegemewa zaidi kuliko za kawaida, na mahakama nyingi za huko zinaukataa au kuuwekea masharti makali ushahidi wa aina hiyo. Miaka ya 1980 na 1990 kuna familia zilizosambaratika kwa mambo "yaliyokumbukwa" kitini ambayo hayakuwahi kutokea.

Wifi yangu yeye alikuwa na lile joto la ghafla la kukoma hedhi, linalomwamsha usiku shuka limelowa, na kwa sababu za kiafya daktari hakutaka kumpa homoni. Nilimtajia utafiti wa Gary Elkins wa mwaka 2013, wanawake 187, ambapo waliopata hipnosisi joto hilo lilipungua kwa asilimia 74 baada ya wiki 12, na wenzao waliopewa muda uleule wa kuongea na mhudumu likapungua kwa asilimia 17. Picha zinazotumika ni za ubaridi: upepo, maji, kivuli. Yeye alichagua kujiona amesimama mbele ya friji lililo wazi. Mtaalamu akasema friji linafaa.

Na wanaokwenda kufanyiwa upasuaji mdogo huku wanatetemeka, hao ningewaambia waulize bila aibu kama hospitali ina mtu. Utafiti wa mwaka 2007 kwa wanawake 200 waliofanyiwa upasuaji wa matiti ulionyesha kwamba dakika 15 tu za hipnosisi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji zilipunguza maumivu na kichefuchefu baadaye, na hata kiasi cha baadhi ya dawa za usingizi na ganzi kilichohitajika. Huko Liège, Ubelgiji, daktari Marie-Elisabeth Faymonville na timu yake walianza kuichanganya hipnosisi na ganzi ya sehemu mwaka 1992, na maelfu ya wagonjwa wameshapita. Ganzi ipo, lakini. Hakuna anayekatwa kwa maneno matupu.

Kuhusu wa kukuhudumia, kuna kanuni watu wa fani hii wanayoirudia na mimi nimeikariri: asiyeweza kulitibu tatizo lako bila hipnosisi asilitibu kwa hipnosisi. Hofu ya meno, mtafute daktari wa meno aliyejifunza hipnosisi. Wasiwasi, mwanasaikolojia. Katika nchi nyingi, Uingereza ikiwemo, cheo cha mtaalamu wa hipnosisi hakilindwi na sheria. Mtu anaweza kuhudhuria kozi ya wikendi na Jumatatu akatundika kibao. Tazama anakuuliza nini kabla hujakaa kitini. Wa kwangu aliniuliza dawa ninazotumia, kama nimewahi kusikia sauti, kama nimewahi kuzimia au kupata degedege, nani daktari wangu na kama anajua nimekuja. Yule wa mume wangu aliuliza kama atalipa taslimu.

Nirudi kwa wale wa chini kabisa, ambao inzi haji na vidole havinati, maana huwa wananiandikia wakiwa wanyonge. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliwagawa wagonjwa 74 wa IBS: wengine hipnosisi, wengine mlo wa kupunguza aina fulani za wanga unaochachuka tumboni, wengine vyote viwili. Makundi yote matatu yalipata nafuu karibu sawa, kama 7 kati ya 10, na kuchanganya hakukuongeza kitu. Mwenzangu wa ofisini ana tumbo kama langu. Alijaribu kikao kimoja akaniambia hawezi kufumba macho chumbani na mtu asiyemjua, roho yake haitaki, na hataki kuilazimisha. Sikumbembeleza. Alikwenda kwa mtaalamu wa lishe, akapewa orodha ya vyakula vya kuacha kwa muda na utaratibu wa kuvirudisha kimoja kimoja, na sasa anajua kitunguu ndicho adui yake.